Ziwa Tusilo Nalo

Jumatatu, 3 Machi
Chumba cha kompyuta, kidato cha pili. Mashine tisa tu zinawaka, wanafunzi wanabanana wannewanne. Somo: maneno na picha za mtandaoni zina mwenyewe. Ukichukua, taja jina lake na ulikozitoa. Mmoja akauliza, je, kama mwenyewe yuko mbali na hatajua? Nikamwambia, jirani akisafiri, unaingia kwake kubeba sufuria? Wakacheka. Limeingia, nadhani.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimewafundisha kunasa maneno yaliyonakiliwa: chukua sentensi nzima, ifunge kwa alama za kunukuu, itafute. Jaribuni yoyote, nikasema. Laiti ningewachagulia!

Binti mmoja, wenzake wanamwita Kimya, akainua mkono kwa mara ya kwanza muhula huu. Alikuwa amejaribu salamu za mkuu wa shule kwenye tovuti yetu.

“Mwalimu, kuna shule nyingine inazo hizihizi. Wao waliziweka zamani kuliko sisi.”

Nikainama kusoma. Neno kwa neno! Hadi “upepo mwanana wa ziwa letu.” Ziwa gani? Sisi tuna tangi, nalo mara nyingi kavu!

Darasa likalipuka. Kimya hakucheka. Akauliza tu, “Sasa tunafanyaje?” Nikasema nitalifikiria. Jibu la woga.

Alhamisi, 6 Machi
Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Anayesaini ni mkuu. Mume wangu anasema nijifanye sikuona. Nikamwambia mimi naweza, lakini darasa zima limeona. Akanimiminia chai.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda. Nikamweleza mkuu yote, ila jina la binti sikulitaja. Akavaa miwani, akasoma, akaivua. Akasema alimwachia fundi wa tovuti atafute maneno mazuri, yeye akaweka jina lake chini bila kuyasoma.

“Kwa hiyo watoto wananicheka?”

“Wengi, ndiyo. Mmoja aliuliza tunafanyaje.”

Akageukia dirisha. “Nenda darasani, mwalimu.”

Basi!

Jumatatu, 10 Machi
Salamu zimeondolewa! Mahali pake peupe.

Katikati ya kipindi mlango ukafunguliwa — mkuu mwenyewe. Darasa likasimama. Akasema maneno yale hayakuwa yake, na wenyewe ameshawaandikia kuwaomba radhi. “Sasa nataka kuandika yangu. Nani ananipisha?”

Kimya akasogea, akampa nusu ya benchi. Mtu mzima na tai yake, akajibana pale! Anaandika kwa kidole kimoja. “Karibuni shuleni kwetu.” Akasita.

“Hii nayo ina mwenyewe?”

“Hiyo ni ya wote, mwalimu. Endelea tu,” Kimya akamjibu.

Hata mimi nikacheka, naye akacheka. Kuhusu mkataba hajagusia, nami sikuuliza.

Kengele imelia, hakuna aliyeinuka. Naandika haya nimekaa nyuma ya darasa. Amefika sentensi ya tatu, na wamekwama: je, aandike kwamba maktaba yetu bado ina rafu tupu? Mkuu anasema wageni watakimbia. Kimya anasema hiyo habari ya rafu ni kweli, na ni yetu. Mkuu anakuna kichwa. Kidole kiko juu ya kibodi, hakijashuka —