Nyumba Hii Haiuzwi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeamua. Nauza nyumba. Nimelisema kwa sauti mbele ya kioo, na wala sikutetemeka. Faraja mwanangu ameshanijengea chumba kule Lembeni, dirisha linatazama mlimani, na mapacha wake wameanza kutambaa — mmoja huku, mmoja kule, na mama yao ni mmoja tu. Bibi anahitajika. Raha iliyoje kuhitajika na umri huu!

Nikamwita Yunus dalali. Same hii ukitaka kiwanja, chumba, hata mbuzi wa akika, ni Yunus. Akaja na pikipiki yake, akavua viatu mlangoni, akanipa shikamoo ya kuinama mpaka nikaona haya. Akaizunguka nyumba. Akagonga ukuta kwa kidole. Akautazama ufa wa jikoni kama daktari anayetazama kidonda. Tofali hizi alizichoma marehemu Ibrahimu, mume wangu, kwa mikono yake, na milango yote ni ya mninga. Kwenye mninga Yunus hakugonga.

Akasema milioni kumi na tisa, tukibahatika. Halafu akashusha sauti: nisimwambie mpangaji. Mpangaji akijua nyumba inauzwa anaacha kulipa kodi, analeta maneno.

Mpangaji ni Rogathe. Ana vyumba viwili vya uani, mwaka wa tisa huu. Nikakubali kunyamaza. Sijalifurahia hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Upepo wa leo! Vumbi limeingia mpaka ndani ya chungu. Rogathe karudi kutoka Mamba, kule milimani, na magunia yake ya tangawizi, kaniletea maparachichi. Tukala makande uani, akanisimulia lori lao lilivyokwama kwenye kona na abiria wote wakashuka kusukuma, isipokuwa mchungaji. Nimecheka hadi mbavu zinauma. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie habari ya nyumba, mara mbili nikautia makande.

Naye ana jambo. Kauliza bati hili lina miaka mingapi. Nikamwambia litatuzika sote. Akatabasamu akaangalia chini. Au chumbani kwake panavuja?

Jioni Yunus kapiga simu: mnunuzi kapatikana! Mtu wa Moshi, pesa anayo, kumi na tisa ileile kaikubali. Nikasema mlete basi tunywe chai. Haiwezekani, eti ni mtu wa safari. Sasa anunue nyumba bila kuiona? Ameiona kwenye picha, mama, nilimrushia.

Kwenye picha! Mimi hata kanga siinunui kwa picha.

Alhamisi, 7 Agosti

Jenoveva, rafiki yangu anayeuza samaki, perege wa ziwa Jipe, kapita na ndoo yake. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia. Kaweka ndoo chini kabisa. Kile kibanda cha nyuma ya stendi, kasema, chenye bati lililoliwa na kutu, kimeuzwa milioni ishirini na tano. Dalali nani? Yunus.

Kanifundisha habari ya cha juu. Muuzaji anatajiwa bei yake, mnunuzi anatajiwa yake, wasikutanishwe, na dalali anakaa katikati. Cha juu kidogo si neno, mtu anakula jasho lake. Ila huyu, anasema Jenoveva, huenda cha juu kimekuwa kikubwa kuliko cha chini.

Sina chuki na Yunus. Alikuwa wa kwanza kutia bega kwenye jeneza la Ibrahimu. Ndiyo maana naona uzito. Nisipomwamini nitajiona mbaya, nikimwamini nitajiona mjinga.

Watani wetu sisi Wapare wanasema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Leo nimelielewa neno hilo. Nimelala mchana, nikaamka nina hamu ya kesi. Hata njaa imeongezeka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Yunus kwenye simu: simuoni mnunuzi, siuzi. Akajibu kwa upole uleule, nikikomaa hivyo mnunuzi atahamia kwenye kiwanja cha Makanya, nibaki na ufa wangu.

Ufa wangu! Hapo aliniudhi.

Nikamtafuta Eliufoo, fundi wa kuandika vibao. Kaja baada ya ibada na kopo la rangi nyekundu. NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Kwenye ukuta wa barabarani, makusudi, ili huyo mtu wa Moshi akija kuchungulia asome mwenyewe. Eliufoo akauliza, kwani ilikuwa inauzwa? Nikamwambia wewe andika. Herufi zimetoka maridadi, nimetoka nje kuzitazama tena na tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilisahau mji ninaokaa. Hapa ukiandika haiuzwi, watu wanasoma inauzwa. Kabla ya adhuhuri wameshapita wanne. "Mama, tumeona maandishi. Bei gani?" Mstaafu mmoja wa shamba la mkonge hata ufa hakuuulizia. Kagonga mlango kwa kidole, kasema huu ni mninga, kasema ishirini na nane, nikibadili mawazo nimpigie.

Ishirini na nane. Nimekaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakata. Yunus anapiga simu, sipokei.

Jioni Rogathe karudi kutoka sokoni. Kasimama mbele ya ukuta, kasoma, kasoma tena. Akapita uani bila kunisalimia. Haijawahi kutokea. Kajifungia.

Amejua nilimficha. Nina aibu hata ya kumgongea.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegonga. Nilibeba uji, mtu hawezi kumfukuza mwenye uji. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikaanza mimi. Nikasema mwanangu nisamehe, ni kweli nilitaka kuuza, Yunus ndiye aliyenikataza nisikwambie. Akanitazama kama naongea Kimasai.

"Mama, mbona najua unauza. Ninachouliza ni kwa nini umebadili mawazo. Nimeshampa Yunus advansi."

Advansi ya nini?

"Ya nyumba hii."

Uji ulinimwagikia kwenye kanga. Mtu wa Moshi yuko uani kwangu! Ananuka tangawizi, na Moshi anaenda Krismasi tu kumwona shangazi yake!

Kumbe ni tangu mwezi wa sita, siku Faraja alipopiga simu nami nikajibu kwa sauti, kama kawaida yangu, kwamba nafikiria kuhama. Rogathe akasikia, akaenda kwa Yunus kabla yangu. Amekuwa akiweka akiba kwenye kikundi chao cha wauza tangawizi, sikujua. Yunus akamwambia mama anaona haya kumuuzia mpangaji wake; usimtajie, ukimtajia atapandisha. Kwa mawazo yake, mimi najua mnunuzi ni yeye, naye anajua kwamba najua, na tunakula makande sahani moja. Alidhani nanyamaza kwa heshima.

Nikamuuliza alitajiwa ngapi. Hakutaka kusema. Aliandika kwa kidole kwenye vumbi la meza: 31. Nami nikaandika chini yake: 19. Cha juu: milioni kumi na mbili!

"Kwa nini hukuja kwangu, Rogathe?"

"Mama, mimi nitapatanaje bei na wewe? Uliniuguza malaria. Mtu hapatani bei na mama yake."

Nimelia. Si kwa huzuni. Nimekuwa nikiogopa nitamuacha binti huyu kwa mtu baki, kumbe mtu baki ni yeye!

Jumatano, 13 Agosti

Leo tumesema tuelewane sisi wawili, mambo yaishe. Tukatandika mkeka. Tukazungumza mvua, tangawizi, mapacha, mchungaji wa kwenye lori. Ikafika zamu ya bei. Nikasema taja wewe. Akasema hapana mama, taja wewe. Nikitaja kubwa nitakuwa namnyonya mwanangu. Nikitaja ndogo, Faraja atauliza baba yake alichoma tofali bure? Tukaishia kumenya vitunguu.

Ndivyo Yunus anavyopata ugali wake. Si mjanja sana yule. Sisi ndio wenye haya.

Nimempigia. Nimemwambia mwanangu, njoo Ijumaa baada ya swala, nimelainika. Kafurahi. Kaniombea dua ndefu.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika haraka, Yunus yuko nje.

Kafika na kanzu nyeupe, maskini, kapendeza. Rogathe kaandaa chai ya tangawizi kama mpangaji mwenye adabu, kamkaribisha mkekani, Yunus kamwita dada. Mimi huku, Rogathe kule, yeye katikati. Akaanza: mnunuzi wa Moshi amekasirishwa na yale maandishi ukutani, ila kwa ajili yangu amembembeleza, bado anasimama kwenye kumi na tisa. Nikamuuliza anaendeleaje huyo mtu, hajambo? Hajambo, anakusalimia sana. Rogathe akamwongeza sukari.

Sikumwogopa yeye. Nilikuwa naogopa neno langu mwenyewe. Nikalitoa:

"Rogathe, mwanangu. Nyumba hii wewe ungeinunua shilingi ngapi?"

Birika lilibaki hewani. Nilidhani atamenya kitunguu tena.

"Niliyotajiwa ni thelathini na moja, mama," akasema, na sauti haikutetemeka. "Lakini sasa nakuuliza wewe. Punguza."

Amepatana bei na mimi! Mbele ya dalali!

Yunus kautazama mlango, kaitazama simu yake, kasema samahani kidogo mama, napokea. Simu yenyewe sikuisikia ikilia. Chai yake inapoa. Ufunguo wa pikipiki kausahau mkekani na Rogathe ameukalia, anasema hajauona, mtoto wa kanisani. Nimemwambia ishirini na sita. Amesema ishirini na nne, na advansi yake irudi kwanza. Tunapatana vizuri kabisa, tunachekana. Dirishani namwona Yunus anapapasa mfuko wa kanzu, sasa ule mwingine. Sasa anageuka, anarudi ndani.