Hodi Barafuni

Salma mdogo wangu,

Salaam zikufike ukiwa mzima, na kama bado umenuna, zikufike vivyo hivyo. Huku Maskati jua linachoma mpaka mlango wa gari haushikiki, na mimi nnaandika nimevaa sweta mbili! Mkwe wangu Said anacheza mpira wa magongo kwenye kiwanja cha barafu, na mwanangu Asha kanileta tumtazame mumewe. Wanachokipiga si mpira, ni kidude cheusi bapa, mfano wa kifuniko cha kopo, na kinakwenda mbio hata jicho halikifuati.

Said kateleza mbele ya wenzake, kakipokea, kafunga. Nikapiga vigelegele, ukumbi mzima ukanigeukia. Refa kalikataa lile bao.

"Kosa lake nini?" nikamuuliza Asha.

"Mama, kauvuka ule mstari wa buluu mwanzo. Lazima kile cheusi kitangulie, mtu afuate."

"Kumbe kaingia bila ya hodi!"

Asha kacheka, lakini mimi nikakukumbuka wewe. Tangu tugombee kabati la marehemu mama sijakanyaga kwako, na nlikusudia nikirudi Unguja nije tu, niingie mpaka uani kama zamani, kama kwamba hapakuwa na neno.

Basi naitanguliza kadi hii ivuke kizingiti chako kwanza. Kabati likae huko huko kwako. Mimi nimesimama nyuma ya mstari, nnakupenda, nnangoja.

Hodi, mdogo wangu.

Dada yako Zuwena