Msiba wa Kaka Gervas na Kontena la Jumatano

Jumatatu, 6 Januari

Kutwa nzima kuandika marka, alama za mwenye mzigo, kwenye katoni. Vidole vyeusi kwa wino. Madaftari, rula, mabegi ya shule yenye picha za paka, vyote vya mteja wa Mbeya aliyenunua kwenye maduka ya jumla ya Yide Lu. Hamisi anapima uzito, mimi najaza orodha ya mzigo. Laoban Liu kapita stoo mara tatu. Laoban ni bosi kwa lugha yao, ila sisi tumeshalifanya jina lake. Anasema kontena liingie bandari ya Nansha Jumatano ya wiki ijayo kabla geti halijafungwa. Baada ya hapo ni mwaka mpya wa Kichina, hakuna kitakachosogea.

Mgongo unauma. Mengine ni yale yale.

Jumanne, 7 Januari

Kaka Gervas amekufa.

Alikuwa Yide Lu, anabishana bei ya vitu vya watoto. Akashika kifua, akakaa kwenye ngazi. Kufika hospitali, ameshakwisha. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, juzi tu alinibebea mchele hadi ghorofa ya nne.

Hamisi ndiye aliyenipa habari. "Dada Editha, kaa kwanza," akasema. Nikajua. Nikakaa juu ya katoni. Kisha nikainuka nikaendelea kuandika marka. Mkono uliendelea wenyewe. Nauchukia huu mkono.

Alhamisi, 9 Januari

Kundi letu la Watanzania kwenye simu limejaa mikono ya sala na mishumaa. Kila mtu ana hadithi yake. Yule Gervas alimsindikiza polisi kumtafsiria, huyu alimpokea uwanja wa ndege Baiyun akiwa hajui pa kwenda. Gervas alikuwa mtu wa kila mtu.

Mkewe, Mama Doreen, yuko Songea na watoto watatu. Kuja hawezi. Mwili utapelekwa kwa ndege, lakini kabla jeneza halijafungwa tumepewa chumba cha kumuagia. Nusu saa tu. Jumatano ijayo, saa tatu na nusu asubuhi.

Jumatano. Nimesoma mara mbili.

Jumatatu, 13 Januari

Leo tumekwenda kwa Laoban, mimi na Hamisi. Hamisi Kichina chake ni cha sokoni, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Kila siku mimi ndiye mkalimani.

Laoban hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alitoa fomu, akatuonyesha. Likizo ya msiba ni ya mzazi, mume au mke, na mtoto. Akaongeza kwamba baba yake alipokufa, siku ya nne alikuwa dukani. Kisha akasema akiwa wa damu ataangalia la kufanya, akauliza: huyu marehemu ni nani wenu?

Hamisi akajibu kwa Kiswahili, akiniangalia mimi: "Mwambie ni ndugu yetu."

Ndugu. Kichina hakina neno kama hilo. Ukisema *gege*, ni kaka wa damu, atauliza karatasi. Ukisema *laoxiang*, ni mtu mliyetoka naye sehemu moja. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua. Laoban alikuwa anangoja, kalamu mkononi. Kibali changu cha kukaa kinaisha Machi, na sahihi ya kukiongeza ni yake.

Nikasema *laoxiang*.

Akafunika kalamu. "Mtu wa kwenu tu," akasema. Jumatano kuna kontena. Haiwezekani.

Hamisi aliuliza amesemaje. Nikamwambia amekataa. Sikumwambia nilichosema mimi.

Sasa niko chumbani na siwezi kula. Mwaka ule mtoto wangu alipozaliwa amekufa, mume wangu alikuwa Iringa. Gervas ndiye aliyefunga shughuli zake akaja wodini. Alizungumza na madaktari, akapokea kile kifurushi kidogo kwa mikono yake miwili. Nesi alimuuliza ni nani wangu. Akasema, bila kuwaza, *gege*.

Mimi nimewaza. Nimewaza sana.

Jumanne, 14 Januari

Kundini leo ni visingizio, na vyote vya kweli. Mwalimu wa Kiingereza ana mitihani, mkuu wake kakataa. Dada wa saluni bosi kamwambia achague, msiba au kiti chake. Wafanyabiashara wenyewe wengi wamesharudi nyumbani, waliobaki wanakimbizana na mizigo. Kila mmoja anamalizia vilevile: wengine mtatuwakilisha. Nami nimeandika hivyo hivyo. Kisha nikalala nikiwa nimetulia kidogo, maana kundi ni kubwa. Hakukosi watu.

Wakati wa kufunga stoo Hamisi aliniambia, "Mie n'nakwenda kesho. Asinipe ruhusa, n'nakwenda."

Nikamwambia atafukuzwa. Kibali chake nacho kinashikwa na kazi hii. Tena yeye ni Mwislamu wa Unguja, Gervas Mkatoliki wa Songea, wala hawakuwa wa karibu kihivyo.

"Maiti ni maiti, dada," akasema, akavua glavu.

Jumatano, 15 Januari

Tumepakia. Hamisi hakuwepo kupima, nikapima mwenyewe. Laoban aliuliza mara moja Hamisi yuko wapi, nikasema sijui.

Saa tatu na nusu nilikuwa ndani ya kontena nahesabu mabegi ya paka. Nilijaribu kusali, nikapoteza hesabu, nikaanza upya hesabu. Sala sikuianza upya.

Saa nne kasoro kumi simu ikaita. Hamisi. Laoban alikuwa pembeni yangu, dereva ameshikilia lakiri ya kufungia mlango. Nilidhani Hamisi ananipigia kunilaumu. Nikaigeuza simu uso chini juu ya katoni. Ikaita mpaka ikachoka. Ikaita tena.

Mlango ukafungwa. Lori likaondoka kwenda Nansha. Laoban akanipigapiga begani, akasema kazi nzuri.

Alhamisi, 16 Januari

Naandika kama yalivyo.

Hakwenda mtu. Katika watu wote wa kundi lile, alikwenda Hamisi peke yake.

Alikuja stoo asubuhi kuchukua vitu vyake, akanisimulia akiwa amesimama. Chumba kilikuwa na viti vimepangwa safu safu. Gervas kavalishwa suti isiyo yake, mabega yanapwaya. Wahudumu wawili wakamuuliza kwa ishara, wengine wako wapi? Akawaomba wangoje. Wakangoja. Mmoja akawa anatazama saa ya ukutani.

Alinipigia kwa sababu hajui Baba Yetu. Alitaka niiseme kwenye simu, yeye aiweke karibu na jeneza, ili Gervas asifungiwe bila sala ya dini yake. Basi. Hilo tu ndilo alilotaka.

"Ulikuwa na kazi, najua," akasema.

Nikamuuliza akafanyaje. Akasema alimsogelea akamwambia, "Gervas, wenzio wamezuiliwa makazini. Wanakusalimu." Kisha akawasaidia wale wahudumu kufunga kifuniko, kwa sababu walikuwa wawili na jeneza zito.

Nilitaka aniite mnafiki. Hakuniita.

Laoban alikuwa ameshaandika barua ya kumfukuza. Kwa Kichina. Akaniita nimsomee Hamisi kwa Kiswahili, neno kwa neno, asije akasema hakuelewa. Nikamsomea. Kutoka kazini bila ruhusa, siku yenye mzigo. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hiyo ndiyo inayoniogopesha.

Alisaini. Akauliza kama glavu ni zake au za ofisi.

Jumamosi, 18 Januari

Ndege ya Gervas imeondoka Baiyun jana. Imesemwa kundini, mishumaa ikaja tena. Hakuna anayeuliza nani alikwenda. Nadhani kila mmoja anajua na kila mmoja ananyamaza. Mimi pia.

Mchana Mama Doreen alipiga. Sauti imekauka, ya mtu aliyelia akamaliza. Nyuma yake nilisikia wanawake wanaimba na masufuria yanagongana. Nilijiandaa kumwambia kweli. Nilikuwa nimeipanga kabisa, kuanzia fomu hadi simu.

Akaniwahi. "Hamisi ameniambia yote. Kwamba ulisimama kichwani kwake ukamsalia Baba Yetu mpaka mwisho. Nimewaambia watu hapa nyumbani, mume wangu hakuwa mkiwa kule. Asante, wifi yangu."

Wifi.

Nikafungua mdomo. Wanawake walikuwa wanaimba.

"Pole, wifi," nikasema.

Akasema ngoja akapokee wageni. Akakata. Nikabaki nimekaa sakafuni bafuni, bomba linatiririka ili jirani asinisikie.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda ibada. Nilikwenda kwa Hamisi. Anaondoka Jumanne, amepata tiketi ya kupitia Addis.

Nilimuuliza kwa nini alimwambia vile Mama Doreen. Alikuwa anakunja mashati. "Aliniuliza nani alimsalia mumewe. Ikabidi pawe na mtu. Nikamtaja anayeijua sala."

Nikamwambia lile neno nililomwambia Laoban. Lile la mtu wa kwenu tu. Ni yeye wa kwanza kumwambia.

Alimaliza kukunja shati. Kisha akaliweka begini juu ya mengine. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe.

Begi halikufunga. Alijaribu kuvuta zipu huku na huku, ikakwama pembeni. Nikakaa juu ya begi. Akapiga magoti, akavuta polepole, mpaka ikafika mwisho.