Kyondo Kwenye Ukurasa wa Tano

Machakos mjini, 3 Februari 2025

Mwanangu Mbithe,

“Shangazi, tovuti yenu haionekani popote.” Ndivyo ulivyoniandikia jana, bila hata kuuliza kama nimeamka. Wi museo? Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua. Mama yako nilimwona kanisani, anaimba kuwashinda wanakwaya wote.

Sasa nikujibu: si kweli. Kila asubuhi kabla ya chai naandika “kyondo”, jina la vikapu vyetu, kwenye Google, na wa kwanza kabisa ni sisi. Nimewaambia hivyo akina mama wa Kithyoko wanaovisuka, na Munyiva mwenyekiti akapiga vigelegele. Unajua wamenipa mpaka mwisho wa Juni. Wanunuzi wasipokuja kupitia tovuti, vikapu vyote vitakwenda kwa yule dalali wa Thika, anayekata lebo yetu na kushona yake. Mimi ndiye niliyewashawishi wamkatae. Kwa hiyo usinitanie na “haionekani”.

Shangazi yako,
Kasyoka


Syokimau, 6 Februari

Shikamoo Shangazi,

Pole na goti. Mimi ni mzima, ila maji hapa yamepotea tena. Nisamehe kwa kutosalimia.

Unajua kazi yangu ofisini: kila Jumatatu naangalia tovuti za wateja ziko nafasi ya ngapi kwenye Google, nachora mstari, naona kama unapanda au unashuka. Yenu naifuatilia jioni, kwa mapenzi tu. Ukiandika “kyondo” mko wa kwanza kwa sababu hakuna mwingine aliyeandika hivyo. Wanunuzi wanaandika “kiondo”, kwa i. Kwa neno hilo mko ukurasa wa tano. Hakuna anayefika ukurasa wa tano, Shangazi. Hata mimi ninayelipwa kufika huko nafika kwa shida.

Tovuti nzima haina “kiondo” hata mara moja. Niruhusu niliweke, mara mbili tatu tu. Na hata ukilijaribu neno hilo kwa simu yako usiamini jibu. Simu yako inakujua, unaifungua tovuti hiyo kutwa, inakuonyesha unachopenda.

Mwanao,
Mbithe


Machakos, 8 Februari

Mbithe mwanangu,

Salamu zimefika, na goti limezisikia.

Nimeliandika hilo “kiondo” lako kwa simu yangu: tuko wa pili! Unasema simu inanipendelea? Basi ni kitu cha kwanza katika nchi hii kunipendelea bila kuniomba kura.

Kiondo ni neno la majirani zetu wa mlimani, na huko kwao ni neno zuri. Kikapu cha Munyiva kimesukwa Kithyoko. Kwa lugha yetu kinaitwa kyondo, vikiwa viwili ni syondo. Ukiibadilisha herufi hiyo utakuwa umefanya nini ambacho dalali hajafanya? Yeye anatukata jina kwa mkasi, wewe kwa kibodi.

Sikuruhusu.

Shangazi yako,
Kasyoka


Syokimau, 31 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepoa na mvua imewafikia. Hapa ni matope tu.

Nilinyamaza kwa sababu lile la mkasi liliniuma. Lakini sijaacha kuangalia. Mwezi mzima mstari wenu umelala kama paka karibu na jiko. Kama huniamini, nenda kwa Maryam wa duka la vitambaa, atafute kwa simu yake. Yeye hajawahi kufungua tovuti yenu.

Mwanao,
Mbithe


Machakos, 4 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio umechafuka.

Nilikwenda kwa Maryam. Nikamwambia, “Andika kiondo, utatuona.” Akaandika. Akasogeza. Akasogeza. Mteja akaja, akapimiwa kitambaa, akaenda, Maryam bado anasogeza. “Mwalimu,” akaniuliza, kama wote wanavyoniita tangu enzi zangu za kufundisha, “hivi vya plastiki ndivyo vyenu?” Vya plastiki, Mbithe! Viko mbele yetu! “Au hivi vya Uchina?” Nikamwambia anirudishie heshima yangu. Akasema, “Heshima sijaiona, labda iko ukurasa wa sita.”

Lile la mkasi nalirudisha, nusu. Neno sibadilishi. Lakini sijawahi kushindwa na herufi moja, na sitaanza sasa. Munyiva bado sijamwambia. Nitamwambia nikiwa na jibu mkononi.

Shangazi yako,
Kasyoka


Syokimau, 19 Mei

Shikamoo Shangazi!

Hujambo? Goti je? Wiki zote hizi kimya! Nijibu haraka: UMEFANYA NINI?

Leo Jumatatu nimeangalia kama kawaida, nikadhani kompyuta imelewa. “Kiondo”: ukurasa wa kwanza, nafasi ya tatu. Nimeazima simu ya mlinzi wa geti, nafasi ni hiyo hiyo. Nikafungua tovuti, nikakuta makala yako: “Ninyi Mnaoandika Kiondo, Nani Aliwafundisha?” Shangazi, katika kulitukana neno hilo umeliandika mara nyingi kuliko maduka yote ya Nairobi! Na watu wanagombana nawe kila mahali mtandaoni, na kila anayekupinga anaweka kiungo cha kuja kwenu ili wenzake wajionee. Google huhesabu viungo hivyo kama sifa. Haijui kwamba ni matusi.

Bosi wangu anauliza ni mtaalamu gani mmemlipa.

Mwanao,
Mbithe


Machakos, 30 Juni

Mwanangu Mbithe,

Wi museo? Mimi ni mzima kupita kiasi, na goti limepanda kilima cha Kithyoko bila kunung'unika.

Mwambie bosi wako mtaalamu anaitwa hasira. Mwalimu mmoja wa Murang'a, huko mlimani, alinijibu kwa aya kumi na mbili. Nikamjibu kwa ishirini. Mwishowe akaagiza kikapu kwa ajili ya mama yake, na kwenye oda akaandika, kwa ukaidi mtupu, “kiondo kimoja”. Munyiva alimsukia, akamshonea lebo: KYONDO. Tangu hapo oda hazijakatika.

Jana nilisimama mbele ya akina mama, nikawaambia yote, ukurasa wa tano pamoja na vya plastiki. Munyiva akanitazama. “Kwa hiyo vile vigelegele vyangu vya Februari vilikuwa vya bure?” Nikasema ndiyo. “Basi sikiliza vya kweli.” Dalali, aliyekuja kuchukua vikapu, alivisikia akiwa bado nje, akiwa na mkasi wake na mfuko wa lebo. Hakuomba hata maji.

Na ile nusu nyingine ya mkasi nairudisha leo. Ulikuwa sahihi juu ya ukurasa wa tano, nami nilikuwa sahihi juu ya jina.

Sasa wasomee wenzako wote wa ofisini haya, kwa sauti: ninyi mnaopima maneno ya watu kila Jumatatu, kesho asubuhi fungueni orodha zenu za maneno mnayofuatilia, na chini ya “kiondo” andikeni “kyondo”. Kwa y. Nitaangalia, na si kwa simu yangu. Kwa simu ya Maryam.

Shangazi yako,
Kasyoka