Sifuri Niliyoifuta Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Umeme hakuna, nimepiga pasi ya makaa. Nimeanza kuandaa jaribio la kumpata mhariri mkuu wa jarida la chama chetu cha wahandisi wa migodi. Wagombea watatu, makala moja ya Kifaransa ya kusahihisha. Bila majina, namba tu. Papa Ilunga ndiye aliyetupigia kelele hadi tukakubali: cheo hiki kisigawiwe kwa ukoo wala kwa bia. Sasa anakigombea mwenyewe. Nimefurahi. Nani mwingine? Mimi alinifundisha kuandika ripoti nikiwa sijui hata pa kuweka nukta.

Jumatano, 5 Machi
Mtego mmoja. Kwenye jedwali la makala, lenye tarakimu ndogondogo, umbali wa watu kusimama mwamba unapolipuliwa: mita mia tano. Nimefuta sifuri moja. Anayesimama mita hamsini, tunamzika.

Jumamosi, 8 Machi
Karatasi zimerudi. Namba mbili ni ya Papa Ilunga. Naijua kalamu ile nyekundu, anavyoikandamiza hadi karatasi inatoboka. Kifaransa chote amekinyoosha, hakuna sentensi iliyobaki imepinda. Jedwali hakuligusa. Nimeangalia mara nne.
Namba tatu ameizungushia ile hamsini duara.
Sijala.

Jumapili, 9 Machi
Misa. Sikusikia neno hata moja la padri. Kalamu nyekundu ninayo. Alama moja ndogo, nani angejua? Nimeitoa, nimeirudisha mkobani. Najichukia kwa kuitoa. Najichukia kwa kuirudisha.

Jumanne, 11 Machi
Tuko wasomaji watatu wa kuamua. Wa kwanza alichagua namba tatu. Wa pili, namba mbili, na hakuficha: "Siye bote tunajua hii mukono ni ya nani. Tumupatie muzee heshima yake." Wakanigeukia.
Namba tatu, nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno, wakaniomba nirudie. Nikarudia.
Nimelia chooni. Miaka yote ile, na mimi ndiye niliyemwangusha.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kwake, mtaani Katuba, asikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu. Hakukasirika. Afadhali angenifukuza. Alifuta kiti, akanimiminia chai, nyingine ikamwagika kwenye sahani. Akauliza watoto hawajambo. Kisha: "Mutoto wangu, unionyeshe fasi nilikosea."
Nikampa ukurasa. Nikamwambia ni kwenye jedwali, umbali. Akausogeza dirishani. Akauleta karibu na pua, akaupeleka mbali, akaurudisha. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Kidole chake kikatua kwenye safu nyingine kabisa, ya uzito wa baruti, ambako hapakuwa na kosa lolote.
"Ah. Ni hapa. Niko naona."
Ndiyo, Papa, nikasema. Ni hapo.