Gari Linalopona Siku Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la mawe halijakurudishia kikohozi. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu niitwe mke wa mtu, na bado nikiamka naangalia upande wa pili wa kitanda kuhakikisha kwamba sikuota. Mume wangu hupiga mluzi akinyoa ndevu. Hunikatia nyanya bila kuombwa. Juzi aliinama akanifunga kamba za viatu mbele ya jirani, jirani akasema, "Subirini mwaka upite tuone." Nikamjibu mwaka na upite, sisi tupo.

Baba, nisikuchoshe na raha zangu, nina jambo linaloninyima usingizi. Gari linatetemeka. Ni lile dogo jeupe la mume wangu, lililotubeba siku ya harusi. Likifika kasi ya themanini linaanza kutikisika kama mtu mwenye homa. Yeye anacheka, anasema linamkanda mabega bure. Lakini unajua kazi yake. Fundi wa majokofu ya zahanati hachagui barabara. Kila wiki anashuka ule mlima wenye kona, nyuma amepakia mitungi ya gesi, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Akishatoka mimi sina kazi tena. Nafua shati moja mara mbili.

Fundi wa mtaa huu anasema injini imechoka. Mwingine anasema ni barabara. Ningekupigia simu, ila huko machimboni kwenu mtandao haujawahi kufika, kwa hiyo nampa Mwendopole barua hii. Anasema lori lake bado linashuka mjini Jumatatu na Alhamisi, na kwamba hajawahi kupoteza barua, huchelewa nayo tu.

Mwanao, mke wa mtu


Jumatano, 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mkwe wangu msalimie, mwambie akimaliza kukata nyanya aoshe na kisu.

Sasa sikiliza. Gari linalotetemeka halipewi dawa kabla ya kuulizwa. Panda naye, mtafute barabara iliyonyooka, na wewe uwe macho badala ya kumwangalia uso. Kwanza nataka kujua mtetemo uko wapi, mikononi au makalioni. Ukiwa kwenye usukani, tazama magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti, ni ya nyuma. Likifika themanini aondoe gia, aliache liende lenyewe. Likiendelea kutetemeka, injini haina kosa, na huyo fundi wenu wa injini iliyochoka mwambie akapumzike yeye. Kisha aguse breki taratibu. Likizidi hapo, ni breki. Lisipozidi, twende mbele.

Niambie pia lilianza lini. Hilo watu hulisahau, nalo ndilo nusu ya jibu.

Mpaka hapo asipite sitini. Na wewe usijione mjinga kwa kuogopa. Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, na mtetemo bado naushika kwa adabu.

Baba yako


Jumatatu, 10 Juni

Baba yangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Hujambo na kikohozi chako? Sisi hatujambo, na nina habari njema mpaka mkono unakimbia kuliko kalamu.

Ijumaa tulifanya yote uliyosema. Niliweka viganja vyangu juu ya vyake kwenye usukani (usiniambie ni mapenzi, ulikuwa uchunguzi) na mtetemo ulikuwa mikononi, kitini hakuna. Akaondoa gia, ukaendelea. Akagusa breki, haukuzidi. Ulianza kama wiki moja baada ya harusi, kabla ya hapo gari lilikuwa kama maji kwenye glasi.

Jumamosi tukaenda kwa mtu wa matairi. Akavua magurudumu, akayazungusha kwenye mashine yake ya balansi, ya kusawazisha uzito, akabandika vipande vidogo vya risasi kwenye rimu, akayarudisha. Baba, gari limepona. Tulikwenda themanini, tukaenda tisini, mume wangu akaachia usukani kidogo akasema, "Tazama." Nilimpiga begani, kisha nikalia. Leo ameshuka mlima na mimi nimefua kila kitu mara moja tu.

Mwanao mwenye furaha


Jumatano, 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Nimefurahi, lakini nusu.

Magurudumu ya gari lililokuwa sawa hayapotezi balansi yote pamoja ndani ya wiki moja. Kitu kilibadilika baada ya harusi, na mtu wa matairi hakukitafuta, yeye ameuza alichonacho. Huenda nakosea, naomba niwe nimekosea.

Mtetemo ukirudi niandikie siku hiyohiyo, uniambie gari lilitulia siku ngapi. Na mkwe akome kuachia usukani.

Baba yako


Jumatatu, 17 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Sisi wazima, mpaka sasa.

Mtetemo ulirudi Jumanne, siku tatu kamili. Sikukuandikia Alhamisi kwa sababu asubuhi hiyo tulikuwa kwa mtu wa matairi tena, na akauponya tena, nikajiambia nisikuongezee wasiwasi bure. Jana Jumapili umerudi. Siku tatu. Safari hii hausubiri themanini, hamsini tu unaanza, na tukikata kona polepole nasikia mlio mbele, tak, tak, kama mtu anagonga mlango kwa kidole. Mume wangu hapigi mluzi tena. Nikimuuliza anasema ni uchovu.

Mtu wa matairi hana jipya. Anasema mashine yake haimwonyeshi kosa lolote, kazi yake ni safi. Alichokumbuka ni kunicheka. Aliniuliza nani alipaka rangi rimu zetu, maana miaka yote hajaona rimu iliyopakwa mpaka mgongoni. Nikamwambia ni mimi. Sikukusimulia, baba? Siku chache kabla ya harusi, mume wangu akiwa safarini kwa basi, nilipiga jeki mwenyewe, nikavua magurudumu yote manne kama ulivyonifundisha, nikayapaka rangi ya waridi kama maua yangu ya harusi. Mikono minne ya rangi, mmoja ukikauka naongeza mwingine, mbele, nyuma, na lile bamba la chuma ambalo gurudumu hulalia. Ulisema kila siku kazi isiachwe nusu. Aliporudi akayaona alizunguka gari mara tatu akipiga mluzi. Nilijua hapo kwamba naolewa na mtu sahihi.

Lakini hayo si ya leo. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi anashuka mlima. Jokofu la chanjo la zahanati ya bondeni limezimika na hakuna mwingine wa kwenda. Nimemwomba aahirishe. Ananiambia, "Mke wangu, zile ni chanjo za watoto." Nimjibu nini?

Mwanao


Jumanne, 18 Juni

Mwanangu,

Sijambo, na salamu nyingine tutapeana baadaye.

GARI LISITOKE. Msomee mumeo mstari huo kabla ya kuendelea.

Balansi haijawahi kuwaponya. Kilichowaponya ni spana. Kila mtu wa matairi anapovua magurudumu, akiyarudisha anakaza nati upya, na gari linatulia. Siku tatu baadaye nati zimelegea tena. Zinalegea kwa sababu ya rangi, mama. Rimu inatakiwa ilale chuma juu ya chuma. Wewe umeweka katikati mto wa rangi, mikono minne huku na minne kule. Gari likitembea ule mto unabonyea na kumong'onyoka, nafasi inabaki, na nati inayokazwa juu ya nafasi haikazi kitu. Kila safari gurudumu linacheza zaidi na kuzitafuna bolti. Huo mlio wa tak tak ni rimu ikigonga bolti zake. Baada ya hapo gurudumu halitetemeki tena, linaondoka.

Nimemwomba meneja alitoe lori leo, amekataa, mzigo haujakamilika. Mtandao wa karibu uko hukohuko kwenu. Nimemwambia Mwendopole atoke Alhamisi kabla ya jua na asisimame popote. Ameniapia. Siku mbili hizi sijui nitazimalizaje, nashika spana naiweka chini.

Nilikufundisha kuvua gurudumu ukiwa na miaka tisa, nikajisifia kwa kila mtu hapa. Sikukwambia ni wapi rangi haiendi. Haikunijia kichwani kwamba mtu angependa gari hadi mgongoni. Hilo ni kosa langu, si lako.

Baba yako


Jumatatu, 24 Juni

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena kwa Alhamisi ile ambayo sikukuandikia. Mume wangu ni mzima. Najua Mwendopole ameshakuambia, lakini nimeliandika hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umekaa.

Mwendopole alifika getini saa kumi na mbili na robo, lori linafuka moshi. Mume wangu alikuwa ametoka robo saa kabla. Nilisoma mstari wako wa herufi kubwa nikiwa nimesimama, nikaanza kupiga simu. Akiendesha hapokei, ndio utaratibu wake. Nilipiga mara kumi na moja. Mwendopole akasema, "Panda, binti, utapiga humuhumu." Baba, yule mzee anajua kukimbia, amekuwa akitunyima tu. Sikuona barabara. Kila kona nilitazama ng'ambo ya ukingo kutafuta kitu cheupe.

Tulimkuta juu kabisa ya mlima, pale malori yanapojaribu breki kabla ya kushuka. Alisimama ili anipigie. Si kwa sababu ya mtetemo. Simu yangu ya kumi na moja ilimtia hofu kwamba nimepatwa na jambo nyumbani. Kona ya kwanza ilikuwa mbele yake kama mita mia mbili.

Nilipiga magoti kwenye gurudumu la mbele kushoto. Kati ya nati tano, moja haikuwepo. Mbili nilizifungua kwa vidole, kama kifuniko cha chupa. Nikamwambia hapohapo chini, kwamba ni mimi, ni ile rangi, nilitaka kumfurahisha na karibu nimuue. Alikaa kwenye jiwe. Kisha akauliza, "Ulipaka mikono mingapi?" Nikasema minne. Akasema, "Ndiyo maana ilikolea," na akacheka.

Halafu naye akanieleza lake. Wiki zote zile za mtetemo, kila akishuka mlima, alikuwa anashika usukani kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameushikilia mlango ukiwa wazi kidogo, awe tayari kuruka. Na nyumbani ananiambia gari linamkanda mabega. Mwendopole akatutazama wote wawili, akasema, "Mmeoana kweli nyie." Sikujua kama ni sifa au lawama. Kisha akampakia mume wangu na mitungi yake, wakaenda zahanati kwa lori. Chanjo zilipona.

Tumebadilisha bolti zote za mbele, na rimu mbili ambazo matundu yake yalishapanuka. Rimu zilizobaki na mabamba yote manne nimeyakwangua mwenyewe kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, mume wangu akinishikia taa. Tumekaza kwa kuvuka, nati hii kisha ile ya upande wa pili, kama ulivyonionyesha zamani. Leo ameshuka mlima kwa gari kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nimemwapisha asimame baada ya kilomita hamsini akaze tena. Alisema atarudi saa tisa. Sasa ni saa kumi kasoro dakika kumi. Simu yake inaita, haipokelewi. Najua ndio utaratibu wake. Najua sana. Mwendopole yuko nje anangoja barua hii, injini haijazimwa, na mimi namwambia bado ukurasa mmoja, wakati sina la kuandika isipokuwa kwamba naogopa, baba, na kwamba sikujua kupenda mtu kuna kusikiliza barabara kiasi hiki.

Mwendopole anapiga honi. Nimechungulia, hakunipigia mimi. Kuna gari jeupe nyuma ya lori lake, na mtu wangu ameshateremka, amepanua mikono kabisa. Angoje. Naweka kalamu chini niende nikayakague magurudumu. Nati kwanza, halafu mume.

Mwanao