Njiwa wa Namawala

Jumamosi, 3 Juni 1995

Nimenyoosha misumari kumi na mmoja. Kidole gumba kimevimba. Hiki ni kibanda changu cha saba cha njiwa, na mbao zake ni za mtumbwi wa marehemu baba, uliooza chini ukabaki ubavu. Mvule. Nikipiga randa bado unanuka samaki. Nimekumbuka masika, baba akituvusha humo na magunia ya mpunga, mama mbele anaimba. Nikaacha kazi, nikakaa tu.

Jirani Mama Keti kanicheka tena. Watu wako mashambani wanafukuza ndege, mwalimu mzima anawajengea nyumba! Acheke.

Jumapili, 4 Juni

Baada ya misa, baiskeli hadi Namawala. Nimerudi na njiwa wanne wa mama, kutoka paa la nyumba yake. Tangu nimlete kwangu Ifakara hali chakula vizuri, haongei. Anataka kurudi kwake. Nani atamtekea maji? Miguu imemshinda. Labda akiwasikia njiwa wake atatulia.

Njiwa wageni hufungiwa siku kumi na nne, wasahau kwao. Mlango nimeukaza kwa waya.

Jumanne, 6 Juni

Wanalia tangu alfajiri. Mama kahamishia kigoda chini ya kibanda. Kamaliza ubwabwa wote. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 8 Juni

Nimetoka shule, kibanda ki wazi, kitupu. Waya uko mkononi mwa mama.

"Walikuwa wanalia, mwanangu."

Nimemfokea. Mama yangu mzazi, nimemfokea. Sikula.

Jumamosi, 10 Juni

Muuza samaki katoka Namawala. Anasema njiwa wanne wako juu ya paa la mama tangu juzi. Mama kasikia, kacheka. Sijamsikia akicheka tangu Januari, nilipomhamisha. Kisha kaingia ndani, kaanza kukunja khanga zake, moja moja.

Njiwa siku kumi na nne. Mama nimemfungia miezi mitano. Naona aibu.

Jumapili, 18 Juni

Namawala. Likizo imeanza, nimemrudisha mama kwake. Kesho naandika barua ya kuomba uhamisho, shule ya hapa ina upungufu wa walimu. Maji nitateka mimi.

Kibanda nimekipigilia chini ya paa, upande wa chumba cha mama. Mlango nimeung'oa. Jioni njiwa mmoja kaingia, katoka, kaingia tena. Mama kanisogezea kigoda.